Kasuku Aliyetakiwa na Mwuza Maziwa

Si zamani sana, Zuwena alimlea kasuku wa Kihindi, wa kijani, aliyeanguka kutoka kiotani.

Bwana Shaame, mwuza maziwa, akaja kumdai. “Nyumba mnayokaa ni yangu, basi na ndege ni wangu. Nitamtundika dukani.”

“Mchukue, mzee,” Zuwena akasema. “Ila huyu anaiga kila sauti. Maji yakimiminwa ndooni alfajiri, mchana wateja watayasikia.”

Bwana Shaame akakohoa. “Mimi kelele siziwezi. Kaa naye mwenyewe.” Akaondoka upesi.

Bibi yake Zuwena, aliyekuwa akiwasikiliza, akashangaa. “We Zuwena, ndege huyu ameanza lini kuiga sauti?”

“Hajaanza, bibi. Na mimi sikujua kama maziwa yanatiwa maji, mpaka mzee alipokohoa.”