Matanga ya Shamba la Ngiri

Paukwa!

Pakawa.

Mmeitikia kama waliokula kiporo. Paukwa tena, na wewe uliyejificha nyuma ya bibi yako, itikia.

Pakawa!

Haya, sasa naona mko hai. Hadithi hii naijua mimi, na kwa kuisimulia hakuna wa kunizidi kuanzia hapa mpaka mtoni. Mwenye kubisha ameze mate.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima, alikuwako Ngiri. Ngiri alikuwa mkulima, na jembe lake lilikuwa pua. Akiinamisha kichwa, kwaru, kwaru, kwaru, udongo unapinduka. Ila kula, alikula amesimama, miguu imenyooka, kama mwenye nchi. Likumbukeni hilo, nitawauliza.

Jambo alilojivunia kuliko yote ni usafi wa shamba. Kila baada ya mavuno alikusanya mabua, alikusanya majani, akapanga mabiwi, akachoma. Moto ukala, pwaa, pwaa. Shamba likabaki jeusi, tupu, kama kichwa kilichonyolewa kwa wembe. Kisha Ngiri hukaa kando ya njia, mkia juu, akingoja sifa.

"Shamba la nani hili?" Tumbili huuliza, na jibu analijua.

"La mwanamume," Ngiri hujibu.

Lakini kila mwaka mtama wake ulipungua kimo. Kuna mwaka ulimfikia Twiga kifuani. Mwaka mwingine ukamfikia Pundamilia begani. Mwaka huu ninaousema, Sungura alikatiza shambani na masikio yake yakaonekana yote mawili. Ghala likaingia vumbi. Mbegu ikabaki kibuyu kimoja tu. Mke wake, Mama Ngiri, akakining'iniza juu ya jiko ili moshi ufukuze wadudu.

"Baba watoto," akasema, "hiki ndicho cha mwisho. Kikipotea, tunahama bonde hili, tukaombe pa kukaa kwa Fisi."

Na Fisi mnamjua. Mgeni akiingia kwake, jambo la kwanza humpapasa mbavu aone kama amenona.

Ngiri akajibu, "Usihofu, mama watoto. Mwaka huu nitachoma vizuri zaidi."

Ndivyo alivyosema. Msimcheke sana, wengine baba zenu mliowaacha majumbani ni hao hao.

Sasa, Ngiri alikuwa na mtani wake, Kanga. Babu zao waligombea kisima, wakaumizana, wakachoka, wakapatana. Wakasema, kuanzia leo tutatukanana tu, hatutapigana. Mtani akikuchukulia kitu, hukasiriki. Ukikasirika, ukoo mzima unakucheka. Na ukifiwa, mtani ndiye anayeshika shughuli za msiba.

Siku ya kuchoma ikafika. Ngiri ameshainua kijinga cha moto, mara akasikia kilio kinakuja na njia.

"Kekeree, kekeree, maskini mimi, kekeree."

Alikuwa Kanga, mabawa kichwani, analia na hana hata chozi.

"Nani amekufa?" Ngiri akauliza.

"Shamba lako, mtani. Limekonda mpaka mbavu zinahesabika, na wewe unataka kuichoma maiti. Nimekuja kukaa matanga."

Akaingia kwenye kona ya shamba, ile ile iliyopakana na njia. Akatandaza mabua chini. Akatandaza majani juu ya mabua, kama jamvi la msibani. Akaketi, akajikunyata.

"Toka hapo, nataka kuwasha."

"Uliona wapi watu wanawasha moto kwenye jamvi la matanga? Hata wewe, pamoja na sura hiyo, ulifunzwa adabu."

Ngiri akakoroma. Hasira zikamfika kooni, akazimeza, kwa maana mtani hakasirikiwi. Akachoma kwingine kote, akaizunguka ile kona.

Tumbili akapita. Akatazama. Akashika kidevu.

"Bwana Ngiri, shamba la nani hili lililonyolewa likaachwa na kishungi?"

Siku hiyo Ngiri hakukaa kungoja sifa. Mkia ulishuka.

Kanga akakaa. Jamvi likichakaa, anaitisha majani mengine, na Mama Ngiri anamletea huku akicheka pembeni. Kanga anapekua, chaku, chaku, anakula wadudu, anadondosha samadi, anafunika. Anapekua, anadondosha, anafunika.

Mawingu yakajikusanya. Ngiri akashusha kibuyu chake, akaenda shambani kupanda. Alipofika konani, Kanga akanyoosha shingo.

"Rambirambi yangu iko wapi?"

"Rambirambi gani?"

"Nimelia mpaka sauti imekauka. Nimelia bure?"

Mila ni mila. Ngiri akamchotea konzi ya mbegu, na ilimuuma kama kung'olewa jino. Kanga akapokea, akamgeuzia mgongo, akainamisha kichwa kwenye majani. Chaku, chaku, chaku.

"Anazila," Ngiri akajisemea. "Anakula chakula cha wanangu mbele ya macho yangu."

Akaenda akazipanda zote zilizobaki kule kweusi. Kona ile akaapa hataitazama tena.

Mvua ikaja. Chwaaa. Ikaichapa ardhi tupu kama fimbo. Maji yakatafuta pa kujishikiza, hayakupaona, yakakimbia. Yakabeba majivu. Yakabeba udongo. Yakabeba mbegu, karibu zote, mpaka korongoni, mpaka mtoni. Mto ukawa mwekundu, vyura wakahama. Kisha likaja jua. Ardhi ikapasuka. Vimche vichache vilivyong'ang'ania vikakauka vimesimama.

Ngiri akazunguka shamba. Akanusa huku, hakuna. Akachimba kule, hakuna. Akatikisa kibuyu sikioni. Kimya.

Akarudi nyumbani, akamwambia mkewe. Mama Ngiri hakumlaumu. Alifunga mizigo tu, na hilo ndilo lililomchoma Ngiri kuliko tusi. Watoto wakajipanga mstari, mikia juu, hawajui wanakopelekwa.

"Kabla hatujaondoka," Mama Ngiri akasema, "nenda ukamuage mtani wako. Ni mila."

Ngiri akaenda anakokota miguu. Akafika konani. Akainua macho.

Akayashusha, akayainua tena.

Mtama ulikuwa umesimama. Mzito, wa kijani, masuke yameinama kama wanaosalimia wakubwa. Chini yake kunde zimetambaa, zimetoa maua, nyuki wanaimba. Akasukuma pua chini ya majani yale, yale aliyoyaita takataka. Udongo ulikuwa mweusi, wa baridi, umeshika maji kama mtungi. Nyungunyungu wakajikunja kwa kusumbuliwa.

"Rambirambi hailiwi, mtani," Kanga akasema. "Nimeizika. Nikaichanganya na kunde zangu kidogo, isije ikalala peke yake. Nimekaa matanga mpaka maiti imefufuka."

Wanawe hawataenda kwa Fisi. Akafungua mdomo.

"Mtani, asa..."

"Ishia hapo hapo," Kanga akamkata. "Mtani hashukuriwi. Ukimaliza neno hilo, nachukua na kibuyu."

Ngiri akafikiri. Akavuta pumzi. Machozi yanamtiririka mpaka kwenye meno yake yaliyochomoza.

"Wewe kipara," akasema. "Wewe mwenye madoa kama uliyeugua surua ukasahau kupona. Kelele zako zinaweza kugandisha maziwa. Siku ukifa nitakuzika mimi mwenyewe, na nitalia mpaka bonde lijae."

"Hapo sawa," Kanga akasema. Naye alifuta jicho kwa bawa, akasingizia vumbi.

Nyuma yao kukasikika kicheko. Mama Ngiri alikuwa amesimama na mizigo yake, na ile mizigo ilikuwa mitupu. Hakufunga kitu ndani. Kona ile alikuwa akiiona kila siku alipopeleka majani, ila alijua mumewe hasikii kwa sikio, husikia kwa pua.

Basi mtani hashukuriwi. Lakini shukrani ilikuwa imemjaa Ngiri, lazima imwagike mahali. Akaitazama ardhi. Ardhi si mtani wa mtu, ardhi ni mama. Akakunja miguu ya mbele, akapiga magoti, pua chini, akasema, "Asante. Nilikuvua nguo kila mwaka, na bado umenilishia wanangu."

Kona ile iliwavusha. Walikula kwa kubania, wakaongezea mizizi ya porini, na kibuyu kikajaa tena. Baada ya mavuno Tumbili akaja na kijinga cha moto, kama jirani mwema.

"Bwana Ngiri, nimekuletea moto. Leo tunachoma, au vipi?"

"Hapa hapawashwi. Pana matanga."

"Nani amekufa?"

"Moto," Ngiri akajibu, akaendelea kutandaza mabua, shamba zima.

Mvua iliyofuata ilikuja na fimbo zake zile zile. Ikapiga, ikalikuta jamvi. Maji yakazama polepole, yakalala ardhini. Mtoni maji yakapita meupe, vyura wakarudi na ngoma zao. Tumbili akayanywa, akajilamba, akaenda kwake, akakizima kijinga.

Haya, niliwaambia nitauliza. Mmewahi kumwona ngiri anakula? Anapiga magoti. Wenye akili zao watawaambia ni kwa sababu shingo ni fupi. Waacheni. Tangu siku ile, kila akila anaishukuru ardhi. Na kanga akipita karibu, msikilize ngiri anavyokoroma. Anamtukana kwa mapenzi.

Mafunzo yake ni haya: ardhi haitaki kunyolewa, inataka kufunikwa. Irudishie ilichokupa, nayo itashika maji, itashika mbegu, itakushika na wewe. Na anayekuokoa kwa utani, mshukuru hata kwa tusi.

Hadithi yangu imeishia hapo, konani, juu ya jamvi la mabua. Anayetaka kuondoka aondoke, ila ugali wa mtama akiukuta nyumbani, asiuguse kabla hajapiga goti.