Chupa Nne na Bahasha Moja

Wapendwa, lipo swali moja nililozeeka nalo bila kupata jibu lake. Mtu anayeogopa kufa, kwa nini hushughulika na kila kitu isipokuwa kile kimoja kinachoweza kumponya? Nimewauliza waliosoma kuliko mimi, na mwenyewe nimejiuliza, maana nami ni mmoja wa hao wanaoogopa. Sijui. Kwa hiyo leo siwaletei jibu. Nawaletea mtu.

Alikuwa mwalimu mstaafu. Kaka yake alianguka uani akianua kahawa, akiwa na miaka sitini na mitatu, na hakuamka tena. Mwalimu naye alipotimiza umri huohuo, moyo wake ukaanza kuruka mapigo. Unapiga, unapiga, unanyamaza kidogo kama mtu anayesikiliza mlangoni, kisha unapiga tena. Ninyi mngelala?

Akaenda hospitali ya wilaya. Wakamfunga nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi ndefu yenye milima na mabonde. Daktari aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu kuliko Mwalimu alivyopenda. Akaandika barua, akaitia kwenye bahasha pamoja na ile karatasi, akaibandika gundi na kuigonga muhuri.

"Mwalimu, hii mpelekee daktari wa moyo, hospitali ya rufaa. Wiki hii hii, tafadhali."

Kituo cha mabasi kilikuwa kushoto. Mwalimu akakata kulia, akaingia duka la dawa. Muuzaji alikuwa mwanafunzi wake wa zamani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia mafuta ya samaki yanafaa kwa moyo. Nipe yaliyo mazuri."

Binti akashusha chupa mbili. Mwalimu akaichukua iliyoandikwa miligramu elfu moja kwa herufi kubwa.

"Wewe ndiye uliyetufundisha kusoma swali mpaka mwisho," binti akacheka. "Geuza nyuma."

Nyuma, kwa herufi za kutafuta kwa miwani, iliandikwa kwamba katika ile elfu moja, mafuta yenyewe yanayotafutwa ni mia tatu tu. Chupa ya pili, iliyojitangaza kwa unyenyekevu, ilikuwa nayo mia tano. Mwalimu akaisoma tena. Kumbe mtu anaweza kufa kwa kutosoma nyuma ya chupa!

"Lakini Mwalimu, daktari amesemaje? Haya si dawa ya ugonjwa wa moyo."

"Amesema nisubiri."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza kumwambia mwanafunzi wake.

Alinunua zote mbili, na kabla wiki haijaisha alikuwa na nne. Akazipanga juu ya meza, akafungua daftari, akatoa kalamu yake nyekundu. Alipasua kidonge kimoja cha kila chupa na kunusa kama mafuta yamechacha. Akatia vingine kwenye friji aone yapi yataganda. Mtu mmoja akamwambia mafuta halisi huyeyusha kile kikombe cheupe chepesi cha plastiki, naye akadondoshea kikombe, kikayeyuka kweli, akakaa akikitazama kile kitundu bila kujua kama ni habari njema au mbaya. Kila chupa akaipa alama: arobaini na nane, hamsini na tano, sitini na mbili, sabini na moja.

"Baba Tumsifu," mkewe akamwambia, "hao samaki wako watafaulu lini?"

"Bado nasahihisha."

"Na umemeza vingapi?"

"Nimeze vipi kabla sijajua kilicho bora?"

Mke akacheka, lakini macho yake yalikuwa chini ya meza, ambako mumewe alikuwa amebana vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake, akihesabu. Siku hizo alikuwa akihesabu mapigo hata akila.

Wiki tatu zikapita hivyo. Asubuhi moja mke alinyanyua daftari ili apanguse meza, na kutoka katikati ya kurasa ikadondoka bahasha yenye muhuri. Mwalimu alikuwa anaitumia kukumbuka ukurasa.

Mkewe aliisoma anwani mara mbili. Akakaa.

"Hii umeipa alama ngapi?"

"Mama Tumsifu, nimesimamia mitihani miaka thelathini. Bahasha iliyofungwa haifunguliwi kabla ya saa yake."

Wala hakuwa anadanganya. Ndivyo alivyoishi, na watu walimheshimu kwa hilo. Hofu ilikuwa imeingia nyumbani kwake ikiwa imevaa uaminifu wake mwenyewe, angeitambuaje?

Mke hakumgombeza. Alimuuliza polepole, kama mtu asiyejua.

"Na mtahiniwa asipokuja chumbani, mpaka saa ikapita, mnampa sifuri?"

"Hapana," alisema Mwalimu, kwa mazoea ya kazi. "Sifuri ni ya aliyejaribu. Huyo tunamwandikia: hakufika."

Neno lilipomtoka, alilisikia. Akaweka kalamu chini.

Wapendwa, msimcheke. Na muuzaji msimlaumu, wala chupa. Kusoma nyuma ya chupa ni jambo jema. Lakini sisi tumepanga nini juu ya meza zetu? Tunalinganisha wahubiri, nani ana upako, nani anachosha. Tunapima kwaya, tunapima mifungo ya wenzetu, kalamu nyekundu mkononi. Tunaonekana tuna bidii, na huenda tunayo kweli. Na katikati ya daftari imo bahasha. Wewe unaijua yako. Ni ndugu usiyezungumza naye, au ugonjwa uliouficha, au dhambi unayoizunguka kwa sala ndefu. Unaogopa kilichoandikwa ndani, nami siwezi kukuambia kwamba ni chema. Najua tu kwamba ukiiacha hapo, kilichoandikwa hakibadiliki. Kinachopungua ni siku zako. Au wewe umeambiwa zimebaki ngapi?

Pale mezani iliamuliwa waende asubuhi ileile, kabla ya chai. Aliyeamua ni Mwalimu, alisema kwa kinywa chake, "Twende." Lakini alipofika mlangoni akasimama, viatu mkononi. Basi Mama Tumsifu akatia bahasha kwenye pochi yake, akapiga goti akamvisha viatu na kumfunga kamba, akamshika mkono, akamwongoza njiani kama mtoto anayepelekwa shule siku ya kwanza. Hofu haikubaki nyumbani. Ilipanda nao basi, ikapata na kiti. Ila safari hii mama alikaa katikati yao.