Kwa Nini Boma Huzungukwa kwa Nje Kabla ya Kujengwa

Zamani, hapa Mlegwa ua ulijengwa kwa kukadiria. Fundi alisimama ndani, akatazama kila kona kwa jicho lake, na akiiona imekaa vizuri, miti ilichimbiwa.

Mwaka mmoja simba jike alianza kula watu. Fundi Mwandoe akaambiwa ajenge ua mmoja wa kuzunguka nyumba zote. Alianzia katikati ya upande wa mbele, ulionyooka kuelekea jabali kubwa la mbali, akafuata ukingo wa mlima uliomlazimisha kuweka kona nyingi. Aliporudi, miti ya mwisho haikukutana na ile ya kwanza. Ilipita kando, ikaacha uwazi wa kutosha ng'ombe kupita. Watu walikuwa wamechoka. Mwandoe akauziba kwa matawi ya miiba, akasema, "Tukishavuna nitarekebisha."

Mavuno yalikuwa bado hayajaisha. Mchana mmoja, watu wazima wakiwa shambani, simba aliisukuma miiba akaingia. Watoto walikimbilia ua, lakini ua ulikuwa imara, hakuna aliyeweza kutoka. Wakesho, mtoto wa pekee wa Mkamburi, alikutwa amekumbatia mti wa kona. Ilibidi vidole vyake vibanduliwe kimoja kimoja.

Walipokwisha kuzika, Mkamburi alikwenda nje ya ua, pale ulipoanzia, akaelekea jabali, akatembea akiufuata. Kwenye kila kona, kabla ya kugeuka, alilaza mti chini ukielekea mbele, kule ambako angekwenda kama asingegeuka. Kisha aligeuka kuufuata ua, akatazama amegeuka kutoka kwenye uelekeo wa mti ule kwa kiasi gani.

"Mama Wakesho, unatafuta nini?" Mwandoe aliuliza.

"Nilianza nikitazama jabali. Nimepita kona zote, na bado silitazami. Mtu akizunguka kitu akarudi alipoanzia, lazima awe amegeuka mzunguko mmoja kamili, kona ziwe tatu au ishirini. Mimi sijatimiza. Pale mlima unapoingia korongoni unapinda sana, lakini wewe ulipinda kidogo mno, fundi."

Mwandoe alipiga magoti kwenye ule uwazi. Hakuna aliyemwinua.

Na tangu siku hiyo, hapa kwetu hachimbii mtu mti wa boma kabla mwanamke hajauzunguka kwa nje mstari wa ua uliochorwa chini, akilaza mti kwenye kila kona ili mgeuko uonekane. Sisi husimama kimya hadi arudi alipoanzia, uso ukitazama ulikotazama mwanzo. Hufanyika hivyo hata kwa banda la kuku. Wageni hutucheka. Tunawaacha wacheke.