Mfereji wa Nyuma ya Darasa

Hebu fumbeni macho kidogo, ndugu zangu. Tazameni shule moja huko milimani Upare. Mwalimu wa darasa la tano anafundisha kilimo cha umwagiliaji, na mto Nile anaueleza vizuri kweli! Lakini rohoni hana raha. Aliwaahidi watoto bustani: watapanda mboga wenyewe, watazila wenyewe mchana. Sasa miche inanyauka, na mkuu wa shule amesema ikifa safari hii, bustani inafungwa.

Basi akawapa watoto ndoo waende mtoni, mwendo wa saa nzima. Mama Nakijwa, mpishi wa shule, akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mwalimu, wanangu hawa unawapeleka wapi?"

"Mtoni, mama. Nitafanyaje, na hapa hakuna maji?"

"Hakuna maji! Na huo mfereji mnaochomea taka?"

"Ule wa nyuma ya darasa? Si mtaro wa mvua?"

Mama Nakijwa alicheka hadi akashika ukuta. "Mtaro wa mvua! Babu zetu wakikusikia! Unatoka kule juu kwenye bwawa. Kila ukoo ulichimba kipande chake. Bomba lilipokuja tukauacha, bomba likakatika, tukakaa hivyo hivyo."

"Miaka yote hii, mama, mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza lini?"

Mwalimu akafunga kitabu cha kilimo alichokuwa nacho mkononi. Kesho yake darasa zima likapanda mlima kuufuata mfereji, mpishi mbele. Kila walipofika kwenye kipande cha ukoo fulani, mtoto wa ukoo ule alichomoka mbio: "Bibi, njoo utuonyeshe pa kwetu!" Mabibi wakaja, wakabishana nani alichimba vizuri zaidi. Jumamosi ikapigwa pembe ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, na kijiji kizima kikatoka na majembe kuuzibua mfereji.

Alasiri maji yakaja, mekundu, taratibu, yakisukuma majani, kalamu na kandambili moja. Watoto wakayakimbiza wakipiga kelele: "Yamepita kwetu! Sasa yako kwenu!" Yalipoingia bustanini, mwalimu alisimama katikati ya tope, akicheka na kufuta machozi.

"Miaka tisa," akasema, "nimefundisha umwagiliaji nikiwa nimeupa mgongo."

Na sisi je, ndugu zangu? Tunawafundisha watoto habari za mbali, na ni vyema. Lakini nani kati yetu amemwonyesha mwanawe chemchemi inayotunywesha? Nani amemwambia ni akina nani walibeba mawe ya ukuta huu tulioegemea? Mungu hakukosea njia alipotuweka hapa. Alituweka pamoja na watu wanaojua, na wengi wao wamenyamaza kwa sababu hatujawauliza.

Nawaombeni mkumbuke jambo moja tu. Leo mkifika nyumbani, kabla ya chakula, mshikeni mtoto mkono, mwende naye kwa mzee wa nyumba, mkamuulize: "Hapa palikuwaje?"