Gari la Edmund Halijakaa Sawa

Wazee waliosema mchagua jembe si mkulima hawakuwahi kuona kompyuta, lakini Edmund Kalinga walimjua vizuri. Walimsema mtu anayekagua makali, akapima mpini, akarudi kubadilisha mpini, hata mvua zikakatika na shamba lake bado ni pori. Edmund hakuwa na shamba. Alikuwa na gari, nalo halikuwa la kupanda mtu.

Edmund alikuwa fundi umeme katika kiwanda cha karatasi huko Mgololo. Alikaa peke yake katika chumba kimoja, na ukungu uliposhuka kutoka kwenye misonobari hakuwa na wa kumwambia hata kwamba leo kuna baridi. Mtu wake wa karibu alikuwa Ikupa, aliyesoma naye chuo Iringa mjini, ambaye sasa alikuwa mwalimu Mbeya. Chuoni walikuwa wakicheza pamoja gemu la magari, lile ambalo gari huteleza na kupinduka kama gari la kweli. Walipenda hasa drifti, yaani kulitelezesha gari kiubavu kwenye kona bila kulipoteza. Na utamu wa drifti ni kuwa wawili: mmoja anatangulia, mwenzake anamfuata sambamba, karibu milango igusane.

Siku moja Ikupa alipiga simu. "Kamwene, Edi," alimsalimia kwa Kihehe, lugha ya kina Edmund, kwa utani, maana yeye ni Mnyakyusa. "Nimepata kompyuta. Jumapili nikitoka kanisani tuingie mtandaoni tucheze wawili. Huku nimechoka kuongea na kuta."

Edmund alifurahi kupita kiasi. Alimpenda Ikupa tangu chuoni na hakuwahi kumwambia. Akajiwekea nadhiri kwamba siku watakapozunguka uwanja mzima sambamba bila kugongana, siku hiyo atafungua moyo wake. Kwa hiyo ilibidi gari lake la kwenye gemu liwe kamili.

Jumapili ilipofika, gari lilikuwa likivuta kulia. "Nivumilie kidogo, Ikupa," alisema. "Gari halijakaa sawa."

"Lilete hivyo hivyo. Mimi langu nimelichukua kama lilivyokuja kwenye gemu."

"Utanicheka."

"Nitakucheka ndiyo. Kwani vibaya?"

Edmund hakuingia. Alipunguza presha ya tairi za nyuma, gari likateleza mno. Akakaza springi, likarukaruka kama mbuzi. Akabadili difu, ile gia inayogawa nguvu kwa magurudumu, akabadili pembe ya magurudumu ya mbele, kisha akarudi kwenye tairi alikoanzia. Kila alipobadilisha kitu alijaribu kona ya kwanza tu, akasimama, akarekebisha tena. Jumapili zikapita na jibu lake likawa lilelile. Simu za Ikupa zikawa za kusalimiana, halafu zikaanza kuadimika. Ukweli ni kwamba Edmund alikuwa mwoga, na kutengeneza gari kulimpa mahali pa kujificha.

Masika yakielekea kuisha, gari likakaa sawa. Edmund alivaa shati safi, utadhani ataonekana, akaingia mtandaoni bila kumwarifu Ikupa ili amshtukize. Akamkuta uwanjani, lakini hakuwa peke yake. Gari la Ikupa la kawaida lilifuatana na lingine la kawaida vilevile, yote mawili yamebonyea kwa kugongana, na vicheko vya watu wawili vilitoka kwenye spika.

"Edi, karibu," alisema Ikupa. "Huyu ni Philbert, tunafundisha wote. Alipoanza hata breki alikuwa haijui. Haya, tufuate."

Kona ya kwanza Edmund aliipita vizuri, hata Philbert akapiga mluzi. Ya pili hakuwahi kuifanyia mazoezi. Gari likazunguka, likatazama lilikotoka, likazimika. Akaliwasha, akajaribu tena, akaishia ukutani. Wenzake walikuwa mbele, wanakwaruzana lakini hawaachani.

Philbert alipoaga, Ikupa alibaki. "Gari lako zuri sana," alisema.

"Nililitengeneza kwa ajili yetu. Nilitaka tukizunguka vizuri ndipo nikuambie jambo."

"Ungeniambia hata ukiwa ukutani, Edi. Mimi sikuwa nangoja gari." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuuma Edmund. "Wazee wa kina Philbert wameleta posa nyumbani Tukuyu. Nimekubali."

Edmund alimpongeza kama inavyompasa muungwana. Ikupa alipoondoka, uwanja ukabaki mtupu, naye akalia waziwazi kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumficha. Kisha, kwa mazoea tu, akafungua ukurasa wa springi akaanza kuzilegeza kidogo. Gari lake ni zuri hadi leo, na hadi leo halina wa kufuatana nalo. Hakika, mchagua jembe si mkulima.