Kwa Nini Akina Pechnikov Hawajui Kujenga Jiko

Zamani, jina la mtu lilikuwa bado halijaota mkia. Huko nchi ya Warusi, kaskazini kabisa, ambako jua lenyewe huchungulia kidogo likarudi kulala, mtu aliitwa Nazar, basi, ameisha. Akaitwa Demyan, ameisha. Kijiji kimoja kingeweza kuwa na akina Demyan tisa, na ukiita "Demyan!" njiani, wanageuka tisa na mbwa mmoja.

Na baridi ya siku hizo si hii ya kuvalia sweta. Mtu akitema mate yanafika chini yakiwa kokoto. Jogoo akiwika mwezi wa kumi na mbili, sauti inaganda juu ya paa, inakuja kuyeyuka mwezi wa nne, na kijiji kizima kinaamshwa mara mia kwa siku moja. Anayebisha hajawahi kufika, na aliyefika habishi.

Kwa hiyo mfalme wa kila nyumba alikuwa jiko. Usifikirie jiko la mkaa la kuhamisha kwa mkono mmoja. Jiko la huko ni la matofali na udongo, kubwa kama chumba, limekaa katikati ya nyumba kama mama mkwe aliyekuja kutembea na hataji siku ya kuondoka. Mdomoni mwake huokwa mkate, tumboni hukaa moto, dohani yake hutoboa paa, na juu, palipo tambarare na joto la kiasi, ndipo wanapolala wazee na watoto wachanga. Mwenye jiko zuri aliuona mwezi wa nne. Mwenye jiko bovu alionekana yeye mwezi wa nne, theluji ilipoyeyuka.

Katika kijiji cha Studionka, nyumba arobaini na tatu, majiko yote arobaini na tatu yalijengwa na mtu mmoja, mzee Yermolai. Kwa lugha ya huko mjenga jiko huitwa pechnik, na hata mbwa wa kijiji walijua pechnik ni nani.

Yermolai alikuwa amechoka. Hakuchoka kama mtu aliyelima tangu asubuhi, maana huyo hulala akaamka mzima. Yeye alichoka hata usingizini. Akifumba macho aliota matofali, tofali juu ya tofali, na akiamka mgongo unamuuma kwa kazi aliyoifanya ndotoni. Kucha zake zilikuwa za udongo, kifua chake cha masizi. Na jiko lake mwenyewe lilikuwa na ufa wa kupitisha panya. Kila mwaka, majani yakianza kupukutika, alimwambia mkewe Lukeria, "Kesho nalishika hili." Kesho ikija, mtu yuko mlangoni amevua kofia: babu, jiko langu linatoa moshi. Kinyozi hajinyoi, Yermolai naye alilala akikohoa.

Lakini kilichomla zaidi ni jambo jingine. Nchi ile, kama kwetu tu, kijana akifika kwenye ua wa watu hakuulizwa jina. Aliulizwa, "Wa nani wewe?" Naye anajibu, wa Nazar, au wa fulani. Na hili "wa" letu, wao hawaliweki mbele. Hulibandika nyuma kama mkia: ov. Baba akifa, aliendelea kuishi midomoni mwa watu kwa mkia huo, mradi yupo wa kujibu.

Yermolai hakuwa na wa kujibu. Mbele yake hakuna baba, kwa kuwa aliokotwa mchanga kando ya tanuri la kuchomea matofali, amefunikwa gunia. Nyuma yake hakuna mtoto. Alikuwa kama tofali lililoanguka njiani: hujui limetoka ukuta gani, wala linakwenda ukuta gani.

Basi mwaka huo ikaja amri kutoka kwa mfalme. Kila mtu aandikwe daftarini, yeye na wa nani, na kitakachoandikwa kitakaa vizazi na vizazi. Karani angepita katikati ya majira ya baridi, wakati watu wote wako ndani. Na asiye na wa kumtaja, amri ilisema, ataandikwa Bezrodni, yaani asiye na kwao.

Neno hilo lilimwingia Yermolai kama upepo wa ule ufa. Miaka sabini alilikwepa, akijificha nyuma ya kazi. Sasa linakuja kwa wino.

"Niandikwe tu," alimwambia Lukeria. "Nimechoka kubishana na watu, nibishane na karatasi?"

"Andikwa," Lukeria akasema, "lakini ziba huo ufa kwanza. Asiye na kwao naye huugua mapafu."

Akakubali. Tangu ardhi haijaganda alikuwa ameficha pipa la udongo chini ya kitanda, kwa maana theluji ikishaanguka, ardhi ya huko hugeuka chuma, na hata kwa shoka hupati udongo wa kujaza kijiko. Pipa lile moja ndilo udongo pekee uliobaki Studionka nzima. Akakunja mikono ya shati. Akachukua mwiko wake.

Mlango ukagongwa.

Alikuwa Nazar, mkuu wa kijiji, bila kofia, masikio yamekuwa meupe. Karani alikuwa afikie kwake, nyumba ya mwisho ng'ambo ya mto. Nazar, kwa kutaka sifa, alikuwa amelijaza jiko kuni hadi kooni ili mgeni wa serikali atoke jasho. Yermolai alishamwonya tangu zamani: jiko ni kama tumbo, halishindiliwi. Alfajiri hiyo lilipasuka. Dohani ilishuka, matofali yakawa vigae.

"Na mkwe wangu Matryona," Nazar akasema, akisugua masikio. "Amejifungua juzi, ndugu yangu. Mtoto tumemlaza katikati ya kondoo wawili. Kwa upepo huu hatuwezi kumvusha mto."

Yermolai alilitazama pipa. Kisha akalitazama jiko lake. Udongo ulikuwapo, lakini udongo bila matofali ni uji. Wala hakuwa akiwaza lolote kubwa. Alikuwa akihesabu ni mara ngapi atainama.

"Utalivunja?" Lukeria akauliza.

"Nitalivunja."

"Basi ngoja nitoe mkate kwanza."

Wakalivunja wawili, wanaume wa kijiji wakabeba lile pipa la udongo, na matofali yakiwa bado na joto wakayafunga kwa manyoya kama watoto, wakavuka nayo mto ulioganda. Yermolai alijenga siku hiyo kutwa, kesho yake kutwa. Mikono ilifanya kazi yenyewe. Yeye alikuwa anaifuata tu. Moto wa kwanza aliuwasha mdogo, wa vijiti, kwa kuwa jiko bichi hulishwa kama mgonjwa. Joto lilipoanza kupanda, Matryona alimtoa mtoto kwa kondoo, akamlaza juu. Yermolai naye alipanda, akajitupa pembeni ya mtoto akiwa na udongo wake wote, na hapo ndipo nguvu zilipomwishia. Hata kope hakuweza kuziinua.

Karani, Kapiton jina lake, akafika kwa farasi, mtu mwembamba, pua nyekundu, ndevu zimekuwa fimbo za barafu. Alikalia benchi karibu na jiko, ndevu zikaanza kumdondokea daftarini. Watu wa Studionka walikuwa wamejaa hadi mlangoni.

Yermolai alisikia yote kutoka juu, kama mtu aliye chini ya maji.

"Tuanze na mdogo," Kapiton akasema. "Aliyezaliwa juzijuzi hajajua kudanganya serikali. Huyu wa nani?"

Matryona alikuwa hajalala siku tano. Hakuinua hata macho.

"Wa pechnik," akasema. "Pechnikov."

Kalamu ikakwaruza. Kisha kicheko kikapasuka kuliko lile jiko la kwanza.

"Matryona!" Demyan, mumewe, aliruka kama aliyekalia kaa la moto. "Wa nani?"

"Umesikia."

"Pole, kaka Demyan!" mtu akapaza sauti mlangoni. "Na mzee ana miaka sabini! Udongo wake anauchanganya na nini?"

"Hata mimi nitajieni hiyo dawa," Lukeria, aliyekuwa akichochea moto, akasema bila kugeuka, "maana kwangu huja akalala kama gogo."

"Chekeni," Matryona akasema. "Nyumba hii ilipokufa, wewe Demyan ulikuwa umejikunja pale unalia. Baba mkwe alikuwa anapiga magoti. Huyu mzee kavunja jiko lake. Mwanangu anapumua kwa matofali ya nani? Basi ni wa huyo."

Kicheko kikaisha kidogo kidogo, kama maji yanayoganda.

"Futa, bwana karani," Demyan akaomba.

"Wino wa serikali haufutwi. Nikifuta mimi, nafutwa mimi."

Demyan akakuna kichwa. Alimtazama mkewe, akalitazama jiko. "Haya, niandike na mimi hivyo hivyo. Mwanangu hawezi kuwa na kwao ambako mimi simo."

"Na mimi," Nazar akasema kwa sauti ndogo. Alikuwa na baba yake wa kumtaja, tena mtu mwenye heshima zake. "Kuni nilijaza mimi."

Mwingine akasema, jiko langu kalijenga mwaka wa mafuriko, bila yeye mama yangu mzazi asingeishi. Mwingine akasema, mimi nilizaliwa juu ya kazi yake, na watoto wangu sita pia. Wale akina Demyan wengine wanane wakasogea wote kwa pamoja. Nyumba kwa nyumba, ukurasa kwa ukurasa, kalamu ikaandika neno lile lile hadi mkono wa Kapiton ukafa ganzi, akawa anaupuliza.

Yermolai, juu kule, alijua kuwa anaota. Kilichomshangaza ni kwamba ndoto hii haikuwa na matofali.

"Na lile gunia juu?" karani akauliza.

"Ndiye mwenyewe."

"Ewe mzee, wa nani wewe?"

Yermolai akafumbua macho. Jibu alikuwa nalo tayari, amelibeba miaka sabini. "Andika Bezrodni," akasema, "tumalize watu wakale."

Lukeria akamgeukia karani. "Asikusumbue, mwanangu. Huyu si wa mtu. Watu ndio wake."

Kapiton alikaa na kalamu hewani. Alipekua amri ya mfalme mbele na nyuma, haikusema lolote kuhusu mtu wa namna hiyo. Mkia ataubandika wapi? Mtu hawezi kuwa wa yeye mwenyewe. Mwishowe akaandika neno lenyewe tupu, Pechnik, likakaa pale juu ya ukurasa bila mkia, kama kichwa.

Mzee alitazama chini, akaona nyuso zote zile. "Sasa naweza kulala?" akauliza.

"Lala, babu," wakasema.

Alilala siku mbili. Majira yote yaliyobaki, yeye na Lukeria walilala kwa zamu kwenye majiko ya watu, wiki hapa, wiki pale. Mwezi wa nne ardhi ikalegea, na wale Wapechnikov wote wakachimba udongo, wakasema baba yetu hatagusa mwiko, tutamjengea sisi. Wakajenga. Jamani! Lilikaa upande kama mlevi aliyeegemea ukuta. Lilipowashwa, moshi ulitoka kila mahali isipokuwa kwenye dohani, paka akahama nyumba asirudi. Yermolai akapanda juu, akajilaza, machozi yakimtoka, na hakuna aliyejua kama ni ya moshi.

"Vizuri, wanangu," akasema, akikohoa. "Vizuri sana. Lisiguswe."

Na juu ya jiko hilo bovu alilala usingizi usio na tofali hata moja, miaka iliyobaki, mpaka ule wa mwisho.

Watu wa vijiji jirani wakasikia, wakaona wivu. Wa mhunzi wakajiita Kuznetsov, wa msaga unga wakajiita Melnikov, na wa mfinyanzi Goncharov, ilimradi kila fundi aliyewahi kuchoka kwa ajili ya watu akapata wa kumjibia. Lakini wa kwanza walitoka Studionka, na anayebisha aende akachimbe udongo mwezi wa kwanza.

Na tangu siku hiyo akina Pechnikov wametapakaa dunia yote, na wana majina makubwa. Yuko jenerali, kifua chake hakina nafasi ya medali nyingine. Yuko mwanamke, yeye ni Pechnikova kwa kuwa mkia wa kike huongezwa a, nahodha wa meli ya kuvunja barafu. Yuko mwimbaji mwenye sauti ya kutikisa vioo. Hakuna hata mmoja awezaye kusimamisha matofali mawili yakakaa. Moto ukiwazimikia nyumbani, humwita fundi kama watu wengine, wakavua kofia mlangoni. Waliachiwa jina; mikono mzee alikwenda nayo, ilikuwa imechoka. Lakini ukimkuta mmoja wao, hata awe jenerali, mwulize jina lake. Hatajua mwenyewe, lakini atakuwa anajibu swali lile lile la uani zamani. Wa nani wewe? Wa mjenga jiko.