Pimbi, Nyati na Chungu Kilichosaga Mahindi

Paukwa?
— Pakawa!
Chungu?
— Chachemka!
Kifuniko?
— Chacheza!

Basi hapo kale wanyama wote walikuwa na jiwe moja tu la kusagia mahindi, kubwa, la duara, na jiwe lenyewe la Nyati. Nyati alilizungusha kwa mabega yake, kru-kru, kru-kru. Unga ukitoka, anachukua yeye. Pumba, anawaachia wenye mahindi.

"Bwana Nyati, wanangu wanalala na njaa," akalia Bi Kanga.

"Una mabega wewe? Zungusha mwenyewe!"

Pimbi, mnyama mdogo kama kiatu, akasikia. Akarudi kwake mwambani, akabandika chungu cha viazi. Maji yakachemka, kifuniko kikaanza kurukaruka: tuku, tuku, tuku. Akakibonyeza, kikamsukuma. Akakibonyeza tena, kikamsukuma tena, nusura kimwangushe.

"Alaa! Kumbe mvuke nao una mabega!"

Kesho yake akaziba mdomo wa chungu kwa udongo, akachomeka mwanzi. Ndani ya mwanzi akatia kizibo, juu ya kizibo fimbo, na ubavuni mwa mwanzi akatoboa tundu. Akabeba vyote mpaka penye jiwe la Nyati.

"Bwana mkubwa, pumzika kidogo. Leo chungu changu kitakusagia."

Nyati akacheka mpaka akakaa chini. "Chungu kisage? Haya, nione!"

Pimbi akafunga fimbo ukingoni mwa jiwe, akawasha moto. Moto ukachemsha maji, maji yakawa mvuke, mvuke ukakosa nafasi, ukasukuma kizibo. Tuku! Kikapanda. Kilipopita tundu, mvuke ukatoka, fyuu! Kikashuka. Fimbo ikaenda, fimbo ikarudi, jiwe likazunguka. Tuku-fyuu! Tuku-fyuu! Pimbi kalala chali, anachochea kuni kwa mguu.

Nyati macho yakamtoka. "Nani yumo humo?"

"Nyati mdogo. Anakula moto, anakunywa maji, unga hataki."

"Nipe!"

"Siwezi, ndiye riziki yangu."

"Chukua jiwe langu, nipe huyo nyati!"

Pimbi akafuta chozi ambalo halikuwepo. "Haya, kwa kuwa ni wewe. Ila tundu lile usilizibe. Ndipo anapopumulia."

Nyati akaenda na chungu kwake, akachonga jiwe jingine kubwa zaidi, akawasha moto. Tuku-fyuu! Tuku-fyuu!

"Hii fyuu ni nguvu yangu inatoroka!" Akageuka, akalibandika tundu makalio.

Chungu kikanyamaza. Kikanyamaza sana.

PAAA!

Nyati akapaa juu ya miti, akatua bwawani. Pwaa!

Pimbi akapata chungu kingine kwa mfinyanzi, na tangu siku hiyo kila mwenye mahindi akaondoka na unga wake. Siku moja Nyati naye akaja, kikapu kichwani, makalio yamefungwa majani ya mgomba.

"Tukupe unga au pumba?" akauliza Bi Kanga.

Nyati akainamisha pembe. "Unga, mama. Tafadhali."

Akapewa.

Hadithi imeiva, naiepua. Mwenye njaa apakue. Na mafunzo yake, ndugu zangu, ni haya: mvivu hali! Anayelala chali mchana kutwa akichezesha mguu, hatapata kitu duniani. Msiponiamini, muulizeni Pimbi!